Mkeka wa Jumatatu na Mkeka wa Alhamisi

Zuhura mwanangu,

Mambo ya nguo, sabuni na adabu ya kukaa kwa watu nayapita. Mke wa mjomba wako ana mdomo wa kutosha, atakufundisha yote hayo kabla hujavua viatu, na usipoyashika atayarudia mpaka uyaote. Mimi nina neno moja tu la kukwambia kabla hujafika Ujiji, na neno hilo nimelikalia miaka saba. Umeenda Bwiza kumuaga shangazi yako, nyumba ni kimya, nimefunga lango la ua ili mteja asinikute, nimechukua daftari lako la zamani la jiografia. Mwandiko wangu ni wa madrasa na darasa la nne. Utauvumilia.

Ni kwa sababu ya lile ulilosema jana tukila. Mjomba wako aliandika kwamba zahanati iliyo jirani na kwake ina muuguzi aliyetoka mtaa wetu huu wa Buyenzi, anaitwa Spesiosa, na kwamba huwa anaulizia watu wa huku. Ukaweka tonge chini. Ukasema, "Mama, siku ile ile nitakayofika. Nitasimama mbele ya foleni, akina mama wote na watoto wao mgongoni, niwaambie ni nani anawachoma sindano. Niwaambie alivyomuua Swedi wetu."

Na mimi nikaitikia, "Ehe."

Basi. Nikaitikia, nikakuongezea mboga. Zuhura, Spesiosa hakumuua ndugu yako. Hakumchoma sindano yoyote, wala siku hizo hakumgusa. Najua kwa sababu ni mimi niliyemficha Swedi asichanjwe.

Sasa usiikunje hii barua. Najua hasira zako, umezitoa kwangu. Kaa chini unisikilize tangu mwanzo, maana mtu hafiki pale nilipofika mimi kwa siku moja.

Unakumbuka ua wetu kabla ya vita? Ulikuwa mdogo, lakini kelele lazima unazikumbuka. Mkeka mmoja mrefu, wateja sita au saba kwa mara moja, mmoja namsuka, wengine wanafumuana, wengine wamekuja tu kuongea. Walikuja kwa miguu kutoka Kamenge na Nyakabiga, na wake za wakubwa walishushwa na magari kutoka Kigobe, viatu vya visigino mkononi kwa sababu ya matope yetu. Wahutu, Watutsi, Wazaire, Waswahili wa hapa hapa. Na siasa waliongea, mama wee, usidhani hawakuongea! Lakini mtu akianza tu, "Wale watu, mi nakwambia wale watu..." kulikuwa na kichwa kingine pembeni yake kinachouliza, "Wale watu nani? Si ndiyo mi huyu? Sema sasa." Watu wanacheka. Yule wa kwanza anajikosoa, "Apana, si wewe, we ni mutu muzuri." Na mwenzake hamwachii: "Mi muzuri, dada yangu muzuri, mama yangu muzuri. Hao wabaya wanakaa wapi?" Kuna siku waligombana kweli, mmoja akaondoka amenuna. Wiki mbili baadaye alirudi, kwa sababu nywele zilikuwa zimeota.

Halafu vita ikaja, na sina haja ya kukusimulia, ulilala chini ya kitanda kama sisi wote. Wateja wakaanza kuchungulia langoni kwanza, kuona nani ameketi, ndipo waingie au wapite kama watu waliokosea nyumba. Siku moja wanawake wawili, mmoja wa kila upande, walikaa kwenye mkeka wangu saa nne nzima bila kufungua mdomo. Ukimya ule ulinichosha mikono kuliko kusuka kwenyewe. Nikasema, hapana, hii haiwezekani, nitawakosa wote.

Nikapanga zamu. Hawa waje Jumatatu, wale waje Alhamisi. Nilijiona nina akili, mwanangu, wacha! Nilipita kwa kila mteja kumweleza, na kila mmoja alinishika mkono akashukuru. Watu wakanisifu mtaa mzima, Mama Zuhura amejua kuishi na watu, kwake hakuna ugomvi. Na kweli hakukuwa na ugomvi. Sitakuandikia nani walikuwa wa Jumatatu na nani wa Alhamisi. Uliishi hapa, unaweza kukisia. Usikisie. Ukishajua utaanza kupima nani walikuwa wabaya zaidi, na mimi niliyewasuka wote nakwambia walikuwa sawasawa.

Mkeka ukachangamka tena. Wanawake wa Jumatatu, sasa wako peke yao, wakafunguka. Mwanzoni walilia tu, kila mtu na wafu wake, na mimi nililia nao. Lakini baada ya wiki chache kilio kikaisha, kikabaki kile kingine. "Wale watu" wakarudi kwenye mazungumzo, na safari hii hakukuwa na mtu wa kuuliza wale watu nani. Mmoja akisema wana mpango, wa pili anasema mpango huo yeye anaujua, wa tatu asibaki nyuma anasema mpango wenyewe ni wa wiki ijayo. Wanaondoka hapa wamekaza nyuso kuliko walivyokuja. Alhamisi wanakuja wengine, yale yale, umegeuza majina tu. Niliyasikia yote mawili kwa masikio haya haya, na sikuona kitu.

Na kazi yangu mimi ilikuwa kuitikia. Unaijua, umeniona tangu unatambaa. Mtu anayesukwa anaumia, ngozi inavutwa, machozi yanamlenga, na asipoongea atasikia maumivu peke yake. Kwa hiyo anaongea, na msusi anampokea ili asikatike. Ehe. Kumbe! Wallahi? Bibi yako alinifundisha kuitikia kabla hajanifundisha kugawa nywele. Kwangu maneno yale yalikuwa sehemu ya kazi, kama mafuta na kichana, sikuyatia moyoni. Sikujua kwamba aliyekaa chini anayasikia vingine. Yeye alisikia hivi: hata Mama Zuhura, ambaye si wa huku wala huko, amekubali. Akifika kwake anasema, "Jambo hili hata kwa msusi linajulikana."

Spesiosa alikuwa wa Alhamisi. Ulimwita shangazi wakati ule, sijui kama unakumbuka. Ndiye aliyekufunga lile jeraha la goti ulipoanguka kwenye mtaro, akakupa na biskuti. Alifanya kazi dispansari ya hapa mtaani, zamu ya chanjo ilikuwa yake. Siku moja wateja wote wameondoka, nimebaki namalizia kichwa chake, akaniuliza, "Mama Zuhura, mbona unaitikia yale ya mkate? Mwokaji unamjua wewe. Mtoto wake anacheza na wako." Maana wa Alhamisi walikuwa na lao: kwamba mkate wa yule mwokaji wa barabara ya juu unatiwa dawa ya kuwamaliza. Nikamjibu, "Mi naitikia tu, bana, ndiyo kazi." Akasema, "Sasa si ungenyamaza tu?" Nikacheka. Nilimwona anajifanya msomi. Na nikwambie kitu cha aibu, mkate wenyewe nilikuwa nimeshaacha kuununua.

Wa Jumatatu lao lilikuwa sindano.

Lilianza dogo. Mwanamke mmoja alisema ameona dispansari wanaweka dawa za chanjo kwenye visanduku viwili. Ndiyo hivyo tu, visanduku viwili! Leo najua kwamba kila dispansari ina visanduku viwili, hata vitano. Lakini yule mama aliuliza, "Kwa nini viwili? Kimoja cha nani?" Nikaitikia ehe. Alivyoondoka nikamweleza mteja aliyefuata, na hapa usikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapojichukia. Hadithi ilikuwa kavu. Nikaitia chumvi kidogo, nikasema kimoja cha visanduku ni chekundu. Sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa nasuka rasta ndogo ndogo, mteja anasinzia, nilitaka aamke.

Baada ya kama wiki tatu akaja mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mwanamke wa kuheshimika, anakaa Mutanga Sud, miwani na Kifaransa chake. Akaketi, akashusha sauti. "Mama Zuhura, una mutoto mudogo, mi nakupenda, nakwambia. Kuna dispansari zina dawa mbili. Ile ya kuuwa watoto wetu iko mu kisanduku chekundu." Nikajiambia, ee Mola, kumbe kweli kilikuwa chekundu! Zuhura, rangi ile niliitunga mimi. Niliitunga nikiwa nimekaa kwenye kigoda hiki hiki, na iliponirudia kwa mdomo wa mtu wa Mutanga Sud mwenye miwani, niliiogopa. Sikukumbuka hata kujiuliza ameitoa wapi.

Tukawa watu wa ajabu nyumbani humu. Jumatatu waliniondolea sindano, Alhamisi waliniondolea mkate. Wenzangu waliamini upande mmoja, mimi msuluhishi niliamini pande zote mbili. Ukiniuliza wakati ule ningekwambia mimi si mtu wa siasa.

Ikaja siku za surua. Watoto wa Kamenge walikuwa wanakufa, habari zikafika. Baba yako alikuwa anaondoka na lori kuelekea Kigoma, na safari za wakati ule, mtu alikuwa hajui kama atarudi baada ya wiki au baada ya miezi. Aliweka mguu kwenye ngazi ya lori akanigeukia: "Swedi mpeleke kwa Spesiosa akachanjwe. Kesho, usingoje." Nikasema haya. Kesho yake nikamvalisha Swedi ile fulana ya njano, nikatoka naye hadi kona. Pale konani nikakutana na wawili wa wateja wangu wa Jumatatu. "Unampeleka wapi?" Nikasema namtembeza. Nikageuka, nikarudi naye ndani.

Baba yako alikaa wiki tano. Aliporudi, swali lake la kwanza baada ya salamu: "Mutoto alichanjwa?" Nikasema alichanjwa. Nilisema hivyo kwa sababu ningesema kweli angeniuliza kwa nini, na ningesema kwa nini angenicheka, au angenipigia kelele kwa kumtukana Spesiosa. Uongo wenyewe ulikuwa wa kukwepa ugomvi wa jioni moja. Watu wengi wanadhani uongo mkubwa huanza mkubwa.

Siku tisa baadaye Swedi alipata homa. Macho mekundu, kikohozi, halafu vipele. Hayo unayakumbuka, ulikuwa na miaka kumi na miwili, wewe ndiye uliyekuwa ukimpepea. Niliujua ugonjwa wake siku ya pili, kila mama angeujua. Nilikuwa na nafasi ya kukimbia dispansari, sikukimbia. Nilimwogopa Spesiosa na nilimwonea haya, vyote kwa pamoja, na sijui mpaka leo kipi kilikuwa kikubwa. Nilimkanda kwa maji, nilimsomea, nilimpa dawa za majani. Siku ya sita akafa mikononi mwangu, ana miaka miwili na miezi mitatu, mkono wake umeshika kitenge changu.

Siku ya pili ya matanga ua ulijaa. Wa Jumatatu na wa Alhamisi wote walikuja, msiba ni msiba, walikaa pande mbili za ua. Baba yako, maskini, akiwa analia na wanaume pale nje, alisema kwa sauti: "Na chanjo alichomwa! Alichomwa, jamani!" Alikuwa anamuuliza Mungu. Lakini kule kwa wanawake nilisikia neno lile likipita kwenye mkeka mmoja, mdomo kwa mdomo, alichomwa, alichomwa, na mama mmoja akageuka kwangu akasema taratibu, "Alichomwa na nani? Na Spesiosa?"

Nikaitikia. Nasema kweli yote leo. Nilikuwa nimechoka, nimelia, mtu angeweza kuniuliza kama jua limezama mchana ningeitikia. Lakini nilijua ninachoitikia.

Spesiosa alikuja saa ya alasiri, na sahani ya wali kichwani kama jirani yeyote. Wakamzuia langoni. Aliposikia anachoshutumiwa alisimama pale pale akasema, hakupiga kelele, "Swedi sikumuchanja. Hakuletwa. Daftari iko dispansari, mwende muangalie." Mmoja akamjibu, "Daftari si unaandika wewe mwenyewe?" Akasema tena hakuletwa. Mwingine akasema, basi kumbe uliwanyima chanjo watoto wetu makusudi. Unaona? Akisema nimemchanja, amemuua. Akisema sikumchanja, amemuua. Wale walikuwa wanawake wenye akili zao, baadhi yao nawapenda mpaka leo, na hakukuwa na jibu lolote duniani ambalo lingewatosha. Lilibaki langu tu.

Alinitazama mimi. Juu ya vichwa vyote vile alinitafuta akanipata, akaniita, "Mama Zuhura, waambie."

Nikainamisha uso.

Aliweka sahani chini akaondoka. Wali ule haukuliwa na mtu, waliwamwagia kuku. Jioni mawe yakaanza kwenye bati lake. Na wewe, mwanangu, ulirudi nyumbani mikono ina vumbi, unahema, ukaniambia, "Mama, mi pia nimempiga, kwa ajili ya Swedi." Ulingoja nikwambie kitu. Nikachukua maji nikakunawisha mikono, kidole kwa kidole. Ningesema pale pale ungelia siku moja ukasahau, ulikuwa mtoto. Nimekuacha ulee jiwe lile miaka saba ukidhani ni haki. Jiwe lile ni langu, Zuhura. Nakuomba unirudishie.

Kabla ya Ijumaa Spesiosa alikuwa ameshaondoka na watoto wake, kwa boti, mpaka Kigoma. Dispansari ikakaa bila mtu wa chanjo miezi sijui mingapi, na hata alipokuja mwingine, akina mama wa kwetu hawakwenda, kwa sababu mfano walikuwa nao: si mtoto wa msusi alichomwa akafa? Watoto wawili wa mtaa huu walikufa kwa surua baada ya hapo. Wawili ninaowajua. Mama zao nimewasuka nywele baada ya arubaini, wameketi hapa, wakinieleza kwamba waliogopa yaliyonipata mimi. Na unajua nilichowajibu.

Baba yako amekufa akiamini kwamba Swedi alichanjwa. Mara nyingi nilifungua mdomo. Siku za mwisho, presha imempanda, niliambiwa nisimshtue, na nikafurahi kupata sababu. Kwake siwezi tena kufanya kitu isipokuwa dua, na dua zangu hizo najua zinavyosikika.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sitaki uyachukue ukayafanye fundisho la kumwambia kila mtu asiongee siasa. Watu wataongea, Ujiji wataongea kuliko hapa, maana mkimbizi hana kazi nyingine mchana kutwa. Utakuta kuna duka wanalokaa wa kwetu wa upande huu, na duka la wale wa upande mwingine, na kila duka litakupokea vizuri sana, chai, viti, karibu dada. Kuwa makini pale unapoona wote wanakubaliana nawe na moyo wako umepata joto. Mimi joto lile ndilo lililonipoteza. Tafuta mtu mmoja wa kukuuliza "wale watu nani?" na ukimpata usimwache, hata kama anakuudhi. Mimi nilikuwa naye, akaniuliza kuhusu mkate, nikamcheka.

Na habari ikikurudia mara ya pili, uliza imepitia wapi. Huenda imetoka kwako.

Leo asubuhi nilianza. Ilikuwa Jumatatu yao, ulikuwa umekwenda kutafuta picha za pasi ya kusafiria. Walikuwa wanne kwenye mkeka, wamezoeana tangu zamani zile, na mmoja akaanza kusimulia kuhusu hawa wanaorudi sasa kutoka kambi za wakimbizi, kwamba wanakuja na sumu za visima. Alinyamaza kidogo, kama wanavyonyamaza wote, kunipa nafasi yangu. Sikuitikia. Akarudia. Nikamwambia, "Nani amekuambia?" Akasema, "Si watu wanasema." Nikasema, "Watu nani?" Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo sikuufunga tena. Niliwaambia yote, Swedi, chanjo, kisanduku chekundu, mimi.

Niliyekuwa namsuka alisimama. Mistari mitano upande wa kushoto, upande wa kulia nywele zimesimama wima kama mtu aliyeona jini. Akajifunga kitambaa, akasema, "Mama Zuhura, vita imekuharibu kichwa," akaenda zake hivyo hivyo, nusu kichwa. Wawili wakamfuata. Wa nne alibaki, yule ambaye mtoto wake ni mmoja wa wale wawili niliokuandikia. Alichezea ncha ya mkeka. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo wangu angeishi?" Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, Zuhura, nikamtazama nikisema. Aliondoka, na sijui kama nitamwona tena hapa. Mikeka miwili nimeikunja. Atakayetaka kusukwa kwangu atakuja siku yoyote, akae na atakayemkuta.

Nilipoanza kuandika mchana huu, nilipanga nikupe hii barua ufike nayo Ujiji, umpelekee Spesiosa aisome, na wewe mwenyewe umwombe radhi kwa niaba yangu. Nilikuwa nimeshaandika mstari huo. Nimeuchana ukurasa. Ingekuwa tena mambo yale yale, neno langu mimi linasafiri kwa mdomo wa mwingine, na mimi nimekaa kwenye kigoda nangoja kusikia limefikaje. Halafu ungefika pale, ungemwambia nini? Mama anasema. Hapana. Nimechoka na "wanasema".

Kwa hiyo nimekwenda hadi stendi ya magari ya Nyanza-Lac, yale yanayoelekea mpakani, kabla ya kumalizia kurasa hizi, nimemwambia yule dereva atuwekee nafasi mbili. Akanionya kuhusu njia, kwamba wiki iliyopita gari lilipigwa risasi. Nikamwambia binti yangu anapita njia hiyo hiyo, mimi nina nini cha zaidi? Jirani atalala nyumbani kwetu. Mjomba wako hajui kama nakuja, mkewe atakasirika kwa sababu ya godoro, nitalala chini.

Asubuhi ya kwanza huko nitakwenda zahanati ile. Nitamwona Spesiosa kwanza peke yake, na akitaka kunifukuza atanifukuza. Kama atakubali, nitasimama mbele ya foleni, akina mama wote na watoto wao mgongoni, Warundi wa duka hili na wa duka lile, niwaambie ni nani aliyemuua Swedi. Wewe utakuwepo, kwa sababu uliapa utasimama pale. Watanitukana, nawajua watu wetu. Yatakuwa maneno makali na mengi yatakuwa kweli. Nakuomba kitu kimoja tu siku hiyo, mwanangu, na ni kigumu kwa mtoto anipendaye hivyo.

Usinitetee.

Mama yako